Fortunata na Besi ya Baba Yake

Mwalimu Obed alikuwa amefundisha hisabati miaka kumi na saba, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyemshinda isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa wa kumzaa mwenyewe.

Pale Sumbawanga mjini watu walimjua kwa kazi hiyo. Wazazi wa mitaa ya Kizwite na Chanji walimsimamisha njiani kumsalimia, na vijana aliowafundisha zamani, ambao sasa ni mafundi na makarani, walikuwa bado wakimwita Mwalimu KDS, kwa jinsi alivyokuwa akiliimbisha darasa zima kigawe kidogo cha shirika mpaka kikawaingia wote. Alikuja Ufipa kutoka Rungwe akiwa kijana mwenye barua ya ajira mkononi. Akamwoa Coleta, binti wa watu wa Msanzi, fundi cherehani mwenye meza yake sokoni, wakamzaa Fortunata, na Mungu akaona hapo panatosha.

Fortunata alikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, mtoto mwembamba asiyependa kelele. Kila jioni wakishakula, baba yake alifuta meza, akaweka daftari na taa karibu, wakaanza.

"Robo jumlisha nusu," baba alisema.

Fortunata aliandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Ufutio wake ulikuwa umekwisha kona zote, na daftari lake lilikuwa na matundu kama limeliwa na mende.

"Jana nilikwambia nini?"

Hapo ndipo mtoto alipokauka. Macho yalibaki kwenye daftari, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Obed alirudia maelezo, sauti ikapanda kidogo. Kwake yeye haukuwa ukali, ilikuwa bidii tu. Mwisho chozi lilidondoka juu ya karatasi, na Coleta, aliyekuwa akikunja nguo za wateja chumbani, akaita taratibu, "Baba Fortu, mwache mtoto akalale."

Mwishoni mwa Januari walifanya jaribio la mwezi. Mwalimu Bertila, aliyefundisha darasa la tano kwenye shule hiyohiyo, alimwita Obed pembeni wakati wa mapumziko akampa karatasi ya Fortunata. Kumi na moja kwa hamsini.

Obed aliitazama, uso ukamwiva.

"Usikasirike kwanza," Bertila alisema. "Inua hiyo karatasi, itazame kwenye mwanga wa dirisha."

Akaiinua. Kwenye mwanga aliona alama za penseli zilizofutwa, moja chini ya nyingine. Swali la tatu, jibu lililofutwa lilikuwa sahihi. La tano, hivyohivyo. La nane, mtoto alikuwa ameandika jibu sahihi mara mbili, akalifuta mara mbili, halafu akaacha nafasi tupu.

"Nimehesabu maswali kumi na mawili aliyoyapata akayafuta," Bertila alisema. "Hesabu anazijua. Anachoogopa ni kukosea, Mwalimu. Anaogopa hata mahali ambapo hajakosea."

"Anamwogopa nani?"

Bertila alichukua daftari lililofuata kwenye rundo lake akaanza kusahihisha. Alikuwa mwanamke wa heshima zake.

Obed alitembea kwenda nyumbani jioni ile upepo wa kutoka milima ya Lyamba lya Mfipa ukimpiga mgongoni, koti ameliinua shingo. Alimkuta Coleta uani anashona mifuko mikubwa ya turubai, yenye umbo asilolielewa.

"Hii ni nini?"

"Mifuko ya matarumbeta. Mzee Lwitiko ameniletea kazi."

Obed alimjua Mzee Lwitiko. Nani asiyemjua. Alikuwa fundi rejeta mwenye gereji yake nyuma ya kanisa la Wamoravian, mjane mwenye mvi, naye ndiye aliyeiongoza bendi ya matarumbeta ya pale kanisani tangu Obed ni mgeni mjini. Vyombo vyenyewe vilikuwa vya zamani, vimebonyea bonyea, vimezibwa kwa risasi ya kuyeyusha, ileile aliyozibia rejeta za malori.

"Mtoto alikuwa hapa aliponiletea vyombo nivipime," Coleta aliendelea bila kuinua macho kwenye sindano. "Nilipogeuka akashika kimoja akapuliza. Kikatoa sauti kama ndama aliyefungiwa zizini. Unajua alifanya nini? Alicheka. Akapuliza tena. Nikamwambia Mzee, mchukue huyu, anaanza Jumatano."

"Jumatano? Mama Fortu, mtoto amepata kumi na moja kwa hamsini. Hii ni karatasi yake hapa. Mtu anayezama hapelekwi ngomani."

Coleta aliichukua karatasi. Na yeye akaiinua kwenye mwanga, ingawa hakuna aliyemwambia, kwa sababu alikuwa mtu wa nguo na alizoea kutazama kitambaa kwa namna hiyo. Akamrudishia.

"Mtoto anayeogopa kukosea," akasema, "mpeleke mahali ambapo kosa lake litasikika mpaka barabarani, na asife. Akishaona hajafa, atarudi kwenye hesabu zako."

Obed alibisha, lakini si sana. Alikubali kwa muhula mmoja tu, na kwa sharti kwamba masomo ya jioni yabaki palepale.

Fortunata alipewa alto, tarumbeta la ukubwa wa kati linaloshikwa kama mtu amepakata mtoto. Wiki tatu za kwanza nyumba ile haikusikia kitu kingine ila sauti nne, na mbili tu kati ya hizo zilikuwa sahihi. Jirani alikuja kuuliza kama kuna mgonjwa. Jogoo wa nyumba ya pili alikuwa akijibu. Fortunata alikaa kwenye kigoda mlangoni kwa mama yake, mashavu yamemjaa, akapuliza, akakosa, akapuliza. Obed alikuwa ndani akisahihisha madaftari, pamba amejitia masikioni, kwa hiyo kitu kimoja hakukiona: kwamba mtoto alikosea mara arobaini kwa jioni moja na hakulia hata mara moja.

Mezani mambo yalikuwa yaleyale.

Ikafika Jumatano moja ya mwezi wa tatu. Obed alikuwa amemwambia Fortunata kwamba siku hiyo watakuwa na kipindi cha ziada saa kumi, kwa sababu jaribio lingine lilikuwa karibu. Saa kumi ikafika, mtoto hayupo. Saa kumi na nusu, hayupo. Obed akavaa koti, akachukua mwavuli, akaenda kanisani kumrudisha, njia nzima akipanga maneno. Mvua ilimkuta kwenye kona ya gereji, mvua ya Ufipa inayokuja na upepo na kuugeuza mwavuli ndani nje, na alipoingia kwenye ukumbi alikuwa amelowa mpaka soksi.

Watoto kumi na wanne walikuwa wamekaa nusu duara kwenye mabenchi. Mzee Lwitiko alisimama mbele na fimbo ndogo ya mwanzi. Alimwona Obed, akamwonyesha kiti kwa kichwa, kana kwamba alikuwa akimsubiri, na kazi ikaendelea.

Walipiga mistari miwili, kisha pakatoka sauti moja iliyopinda. Bila kuulizwa, msichana mdogo wa tromboni aliinua mkono.

"Mimi," akasema.

"Asante, Hellena. Turudi."

Wakarudi. Safari hii kijana wa tarumbeta ndogo akainua mkono, "Mimi," na wakarudi tena. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeguna. Safari ya tatu Obed aliuona mkono wa binti yake ukiinuka, umenyooka kabisa, na sauti yake, ambayo darasani walimu walikuwa wakiiomba iongezwe, ikasikika hadi mlangoni alipokaa.

"Mimi. Nimewahi kabla ya pigo la tatu."

"Umewahi kwa kiasi gani?"

"Nusu pigo."

"Sawa. Turudi."

Obed alikuja na maneno yake yamepangwa vizuri, lakini sasa hakuyakumbuka.

Walipopumzika alimsogelea mzee. "Shikamoo, Mzee Lwitiko."

"Marahaba, Mwalimu. Umelowa."

"Hii ya kusema 'mimi', umeitoa wapi?"

Mzee alicheka, akafuta fimbo yake kwenye suruali. "Gerejini. Rejeta ikivuja, unafanyaje? Unaizamisha kwenye pipa la maji, unatazama mapovu yanatoka wapi. Dereva anayeficha tundu anafika Laela gari linachemka. Hawa niliwaambia, nionyesheni mapovu, kuziba ni kazi yangu." Kisha akamtazama Obed juu mpaka chini, kama anayempima koti. "Una kifua kizuri, Mwalimu. Mpiga besi wangu amekwenda kwao Mpui, mama yake mgonjwa, na Pasaka hii hapa. Kaa pale."

"Mimi sijawahi kushika kitu hicho."

"Ndiyo maana nimekuambia ukae."

Besi ndiyo kubwa kuliko zote, chombo cha shaba cha kupakatwa mapajani, mdomo wake umeelekea darini. Obed aliipakata kwa sababu watoto kumi na wanne walikuwa wakimtazama na hakujua namna ya kukataa mbele ya watoto. Akavuta pumzi, akapuliza. Hakikutoka kitu ila upepo na mate. Akapuliza tena, kwa nguvu mpaka masikio yakaziba, na besi ikatoa mlio mfupi ambao hauna jina la heshima. Hapo watoto walicheka, wote, na Hellena akaangusha kitambaa chake.

Obed alihisi joto likipanda kutoka shingoni. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alijaribu kitu asichokiweza, au kuchekwa kwa ajili yake. Alitamani kuiweka chini aondoke.

"Fortunata," Mzee Lwitiko alisema, "mfundishe baba yako sauti ya kwanza. Sisi wengine tunaendelea."

Mtoto alibeba kigoda, akakaa mbele ya baba yake, magoti yao yakikaribia kugusana. Kisha akaweka vidole viwili kwenye pembe za midomo yake mwenyewe.

"Baba, kaza hapa. Katikati acha. Usipulize kwa mashavu. Fanya kama unatema ganda la alizeti."

Obed akafanya. Upepo mtupu.

"Tena," Fortunata alisema.

Akafanya tena. Kitu kilitetemeka kidogo, kikafa.

"Umekaribia. Tena."

Neno lile Obed alilijua. Alilisema kila siku, mara mia kwa siku. Lakini kinywani mwa mtoto lilikuwa neno jingine. Halikuwa na jana ndani yake. Halikuuliza alimwambia nini. Lilikuwa linafungua mlango tu.

"Nitatoa sauti mbaya," akasema, na akashangaa kujisikia akisema hivyo.

"Itoe tu, Baba. Ile mbaya ndiyo inatangulia, nzuri inakuja nyuma yake. Mimi nilitoa mbaya wiki tatu."

"Nilikuwa nimejitia pamba," Obed alisema.

"Najua. Nilikuona."

Aliitoa mbaya. Akaitoa nyingine. Ya saba au ya nane, mwenyewe hakuhesabu, ilitoka chini kabisa, nene, imetulia, akaihisi kwenye mbavu na kwenye benchi alilokalia. Fortunata hakupiga makofi. Aliinamisha kichwa mara moja, kama fundi aliyeona uzi umekaa, akasema, "Hiyo ndiyo. Sasa ishike mapigo manne."

Walirudi nyumbani pamoja chini ya mwavuli uliovunjika. Kipindi cha saa kumi hakikutajwa. Obed alitaka kusema jambo fulani tangu kanisani mpaka kwenye kona ya mashine ya kusaga, lakini kila alipolifungua lilikuwa refu mno, na mwisho alisema tu, "Unafundisha vizuri."

Fortunata alitembea hatua chache. "Wewe pia unafundisha vizuri," akasema. "Lakini ukiwa na wengine."

Maneno hayo yalimkaa Obed usiku kucha, na asubuhi alipoamka yalikuwa bado yapo.

Jumatano iliyofuata alikwenda bila kuitwa, na Jumamosi pia. Besi aliichukua nyumbani ndani ya mfuko wa turubai alioushona Coleta. Sasa ilikuwa zamu ya Coleta kutafuta pamba, ingawa alisema sisi Wakatoliki tumezoea kinanda, kinanda kina adabu, haya mabati yenu ni adhabu. Alisema hivyo akitabasamu, na cherehani yake ilikuwa inafuata pigo bila yeye kujua.

Kila jioni, baada ya kula, meza ilifutwa kama zamani. Lakini sasa juu yake ilikuwa karatasi ya nota, na aliyeshika penseli alikuwa Fortunata.

"Hii ni nzima, mapigo manne," alisema. "Hii ni nusu yake. Hii robo. Na hii nusu yenye nukta, usiichezee, wengi wanakosea hapa. Nukta inaongeza nusu ya ilicho nacho nota yenyewe."

"Yaani nusu, na nusu ya nusu."

"Nusu na robo," Fortunata alisema. "Robo tatu. Inabaki robo moja ya kuvuta pumzi, hapo ndipo unapochelewa."

Hili lilikuwa ndilo swali walilokuwa wakililia mezani hapo mwaka mzima, na mtoto alikuwa amelijibu akiwa anafikiria pumzi ya baba yake. Ulimi ulimwasha Obed. Miaka kumi na saba ya ualimu ilimtaka aseme, unaona sasa, si nilikwambia. Aliuma mdomo wa chini, uliokuwa na kidonda kwa ajili ya besi, akainama kwenye karatasi.

"Nionyeshe tena ninapochelewa," akasema.

Siku chache baadaye alitoka dukani na kalamu mbili za wino wa bluu. Moja akampa Fortunata.

"Ya nini?"

"Ya hesabu. Kuanzia leo hapa nyumbani tunaandika kwa wino. Mimi na wewe."

"Tukikosea?"

"Tunasema 'mimi', tunakata mstari mmoja, tunaandika pembeni. Kosa likibaki pale tutaona lilitoka wapi."

Fortunata alizungusha kalamu vidoleni. Alimtazama baba yake kuona kama ni mtego. Kisha akafungua daftari jipya, akaandika swali la kwanza, akakosea, akakata mstari. Baba yake, upande wa pili wa meza, alikuwa akifanya hesabu za darasa la saba, na kabla ya dakika tano kupita alitia alama ya kutoa mahali pa kujumlisha.

"Mimi," Obed akasema.

Mtoto aliinua macho, akacheka mpaka akaegemea kiti. Coleta alitoka chumbani kuona kuna nini.

Huko shuleni pia mambo yalibadilika kidogo kidogo. Darasa la saba walishangaa siku Mwalimu KDS alipogeuka kutoka ubaoni na kusema, "Mstari wa pili nimekosea mimi. Nani ameona?" Mikono miwili iliinuka, mmoja wa mtoto ambaye hakuwahi kuinua mkono tangu darasa la kwanza. Akaanza kuwafundisha sehemu kwa kupiga makofi na meza, upande huu robo, upande ule nusu, mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia dirishani. Bertila aliyasikia yote hayo kupitia ukuta wa darasa lake na siku moja akamwekea Obed muhogo wa kuchemsha kwenye meza yake ya ofisini.

Pasaka ikafika. Wamoravian wana desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Jumapili hiyo, bendi mbele, wakalipokee jua katikati ya watu wao waliotangulia. Asubuhi hiyo ilikuwa baridi ya Sumbawanga yenyewe, pumzi inaonekana, shaba inaganda mikononi. Watoto walikuwa wameingiza vidomo vya matarumbeta yao makwapani vipate joto. Watu mia mbili na zaidi walisimama kati ya misalaba, wamejifunga vitenge na mablanketi, na hata Coleta alikuwapo, rozari mfukoni, amesema anakuja kutazama mishono ya mifuko yake.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ulikuwa na mahali ambapo bendi yote inanyamaza mapigo mawili, kimya kabisa, kabla ya ubeti wa mwisho. Mzee Lwitiko alikuwa amewaambia mara nyingi kwamba kimya hicho ndicho wimbo wenyewe.

Bendi ikanyamaza. Na ndani ya kimya kile, mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa, besi ya Mwalimu Obed ikaingia peke yake, nene, na ndefu.

Kila mtu aliisikia. Kunguru waliruka kwenye mti wa mkaratusi. Mzee Lwitiko alishusha fimbo, na pakawa na kimya ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi yoyote.

Obed alihisi lile joto la shingoni, akalijua. Mbele yake walisimama wazazi wa wanafunzi wake, na makarani, na mafundi. Alitazama pembeni. Fortunata alikuwa akimtazama, hakuwa na hofu wala aibu, alikuwa akisubiri tu, kama alivyosubiri siku ile kwenye kigoda.

Obed akainua mkono. "Mimi," akasema.

Kicheko kilipita katikati ya watu, laini, cha watu waliopigwa na baridi wakapata kitu cha kuwapasha. Mchungaji mwenyewe alijifunika mdomo. Mzee Lwitiko akasema, "Asante, Mwalimu. Turudi," kama wangekuwa ukumbini siku ya Jumatano. Wakarudi. Walipokaribia mahali pale Obed alimsikia binti yake, chini chini, pumzi tu, akihesabu, moja, mbili, kisha mabega ya watoto wote yakainuka pamoja na ubeti wa mwisho ukaingia, alto na tromboni na tarumbeta, na besi chini yao mahali pake. Jua lilikuwa limeanza kugusa vichwa vya milima. Watu waliimba mpaka sauti ya bendi ikazama ndani ya yao.

Wakati wa kurudi, mama mmoja alimshika Obed mkono akamwambia mwanawe yuko darasa lake na jana amemweleza kwamba mwalimu anakosea ubaoni makusudi.

"Si makusudi yote," Obed alisema.

Mtihani wa muhula ulifanyika mwezi wa tano. Fortunata alipata thelathini na sita kwa hamsini. Wapo waliopata zaidi, na Obed, ambaye zamani angeuliza zile kumi na nne zimekwenda wapi, aliitazama karatasi polepole ukurasa kwa ukurasa. Haikuwa na tundu hata moja. Ilikuwa na mistari ya kukata, na majibu pembeni, na mahali pengine alikata sahihi akaandika kosa, na mahali pengine kinyume chake, lakini nafasi tupu haikuwapo.

"La kumi na sita nimeonewa," Fortunata alisema.

"Umeonewa vipi?"

"Nimepata. Mwalimu Bertila amesoma saba yangu kama moja. Kesho nitamwonyesha."

"Nikusindikize?"

Alifikiri. "Hapana, Baba. Nitakwenda mwenyewe."

Akaenda mwenyewe, wakati wa mapumziko, na Obed alisimama dirishani kwenye ofisi ya walimu akijifanya anatafuta chaki. Aliona mtoto anafungua karatasi, anaweka kidole mahali, anasema. Bertila akavaa miwani, akainama, kisha akachukua kalamu nyekundu. Thelathini na nane. Fortunata alisema asante, akakunja karatasi yake mara mbili, akakimbilia uwanjani ambako wenzake walikuwa wakicheza rede. Hakuangalia hata upande wa dirisha la ofisi.

Mwezi wa saba, mavuno yalipokwisha, bendi ilialikwa Mpui, kwa yule mpiga besi aliyekwenda kumuuguza mama yake. Mama alikuwa amepona, na ndugu walifanya ibada ya shukrani. Walipanda Fuso la mfanyabiashara wa alizeti, watoto, vyombo na mablanketi, vumbi jekundu likiwafuata uwanda mzima. Obed aliona aibu kidogo kukutana na mwenye besi yake, akamwambia kwamba amekuja kuirudisha. Yule bwana, mtu wa mkono mkubwa na maneno machache, aliipakata, akapuliza sauti moja iliyowafanya ng'ombe wa jirani wageuze vichwa, kisha akamrudishia.

"Iendelee kukaa na wewe mpaka mwakani," akasema. "Nimeoa huku, nina shamba. Ila hapa kwenye kitufe cha pili inakwama kidogo, umeona?"

"Nimeona. Nilidhani ni mimi."

"Si wewe. Ni chombo."

Walipiga mpaka alasiri, wakala ugali wa ulezi na kuku na maharage. Mama aliyepona alicheza akiwa amekaa kwenye kiti chake, mabega tu, na kila wimbo ulipokwisha aliomba mwingine. Watoto wa Mpui waliwazunguka watoto wa bendi wakitaka kushika. Obed alimwona Fortunata ameketi kwenye majani makavu, msichana wa miaka kama saba mbele yake, alto imewalalia wote wawili mapajani. Mtoto yule alipuliza, ikatoka hewa tupu. Akataka kuirudisha.

Fortunata hakuipokea. Alimwekea vidole kwenye pembe za midomo, akamwambia kitu kwa Kifipa, lugha ya mama yake, ambacho Obed hakukishika chote, halafu wote wawili wakavuta pumzi kwa pamoja.